Malipo ya Mwalimu: Mafunzo Kutoka Ufipa



Liko jambo moja linalojirudia katika nyumba zetu za pwani. Kijana humaliza chuo cha ualimu, awe wa kiume au wa kike, na nyumba nzima hufurahi. Mama hupika pilau, majirani huitwa, dua husomwa. Kisha hutoka habari ya kituo cha kazi. Zamani ilikuja kwa barua, siku hizi majina husomwa katika simu, lakini kilio ni kile kile. Haikutajwa Tanga, wala Kilwa, wala Bagamoyo. Imetajwa Sumbawanga.

Papo hapo furaha huzimika kama taa iliyopulizwa. Shangazi husema huko ndiko mwisho wa dunia. Mjomba huanza kuuliza ni nani anayemjua mtu ofisini ili mtoto abadilishiwe. Na hakosi mmoja wa kunong'ona pembeni kwamba huko kuna wachawi, na mtoto wa watu akienda hatorudi kama alivyokwenda. Siku ya safari huagwa kama anayepelekwa makaburini, naye yu bado njiani moyo wake umekwisha kurudi nyuma.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya nyumba hiyo. Si nia yangu kukwambia kwamba Sumbawanga ni karibu. Si karibu. Ukitoka Dar es Salaam unapita Morogoro, Iringa na Mbeya, unafika Tunduma mpakani mwa Zambia, kisha unageuka kaskazini-magharibi na kuupanda uwanda. Jumla yake inazidi kilomita 1,100. Wala sitakwambia kwamba mshahara wa mwalimu ni mnono. Nia yangu ni kukuonyesha, kwa habari za kweli, ni kitu gani walimu walikifanya katika nchi ile na ni malipo ya namna gani yaliyo katika kazi hiyo, ili tukae chini tupime: je, mtoto wetu amepewa adhabu, au amepewa fungu la kheri?

NCHI NA JINA LAKE

Ufipa ni uwanda wa juu ulio baina ya maziwa mawili: Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ndiyo maana mwezi wa Juni na Julai mtu wa pwani hulala na sweta na asubuhi huogopa maji. Sehemu kubwa ya nchi ni majani matupu yanayopigwa na upepo, miti ni ya kuhesabu. Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974 na makao yake yakawa hapo Sumbawanga. Mwaka 2012 upande wa Mpanda ulitengwa ukawa mkoa wa Katavi.

Wenyeji wake, Wafipa, ni wakulima wa asili. Walikuwa na tawala zao mbili, Nkansi na Lyangalile, chini ya watemi waliowaita Mwene. Kilimo chao kina hekima yake: hupiga matuta ya mviringo, na ndani ya kila tuta hufukia majani yaoze yawe mbolea, kisha hupanda ulezi, maharage na mahindi. Katika miaka ya 1980 Rukwa ilikuwa miongoni mwa mikoa minne mikubwa ya mahindi, pamoja na Mbeya, Iringa na Ruvuma, na mahindi hayo yalilisha miji ya pwani. Basi ewe mama unayelia mwanao kupelekwa Sumbawanga, huenda unga uliosongea ugali siku nyingi ulitoka huko huko.

Ama jina la Sumbawanga, wenyeji husimulia kwamba kwa Kifipa kusumba ni kutupa, na wanga ni uchawi. Yaani anayeingia aambiwa autupe uchawi nje. Tazama basi namna watu walivyolipindua jina! Mji unaoamrisha uchawi utupwe umefanywa ndio mji wa uchawi. Na sisi ambao tangu chuoni tumefundishwa kwamba hapana anayeweza kudhuru wala kunufaisha ila kwa idhini yake Mwenyezi Mungu, ni aibu tuwe wa kwanza kutetemeka kwa jina.

ELIMU ISIYO NA MWANAFUNZI HUFA

Usidhani, ndugu msomaji, kwamba kabla ya shule Ufipa haikuwa na elimu. Ilikuwa nayo, na ilikuwa na walimu wake.

Wafipa walijua kuyeyusha chuma. Walijenga tanuru za udongo zilizopita kimo cha mtu, wakazijaza mawe ya chuma na makaa, na tanuru hizo zilivuta upepo zenyewe, bila ya mivuo. Chuma kilichotoka kilisafishwa tena katika tanuru ndogo, kikafuliwa majembe, na majembe yakauzwa hata kwa majirani. Walijua pia kufuma nguo nene za pamba, na wasafiri wa Ulaya waliopita huko katika karne ya 19 waliziona nguo hizo wakaziandika. Elimu zote mbili hazikuwa katika kitabu. Zilikuwa katika mikono ya wazee, na kijana alijifunza kwa kukaa karibu: akachota udongo, akachoma makaa, akatazama, akakosea, akakemewa, mpaka akaweza.

Kisha bidhaa za viwandani zikafika. Jembe la ng'ambo likawa rahisi, na nguo ya dukani ikawa nyepesi na ya kupendeza. Vijana hawakuona tena faida ya kukaa mbele ya tanuru wala mbele ya mtande. Wazee wakabaki na elimu yao, na walipokufa wakaenda nayo. Leo zimebaki tanuru chache zimesimama nyikani, na mpita njia huzishangaa.

Hapa pana funzo la kwanza juu ya ualimu. Elimu ni amana isiyokaa peke yake. Hudumu kwa kupita kutoka mkono hadi mkono, na siku unapokosekana mkono wa kupokea, kazi ya mababu mia hupotea katika umri wa mtu mmoja. Mwalimu ndiye anayesimama katikati ya mikono hiyo miwili. Akiondoka yeye, mnyororo umekatika.

KALAMU ILIVYOFIKA UFIPA

Upande wa ziwani, sehemu kama Kirando na Kasanga, wafanyabiashara wa misafara kutoka pwani walifika zamani, na pamoja nao kikafika Kiswahili. Lakini misafara ilifuata pembe na, kwa huzuni kubwa, ilifuata pia watu wa kuuzwa. Tusiifiche sehemu hiyo ya habari, kwani asiyekiri deni hawezi kulilipa. Kuna watu wa pwani waliokwenda bara kuchukua. Mwalimu wa pwani anayekwenda bara leo huenda kutoa.

Shule zilikuja na mapadri. Wamisionari wa Afrika, ambao watu huwaita White Fathers, walifika Ujiji mwaka 1879, na mwaka 1885 wakapokea ngome ya Karema kutoka kwa Wabelgiji. Kutoka hapo wakaingia Ufipa na kuweka vituo Kala, Kirando, Kate na kwingineko. Walifundisha dini yao, na pamoja nayo kusoma, kuandika na hesabu. Mwanzoni wazazi wengi walisita, kwani mtoto alikuwa mkono wa shamba na mchunga mbuzi, na shule ilimwondoa kazini. Taratibu walielewa, na Wafipa wenyewe wakaanza kuwa walimu wa Wafipa wenzao.

Sisi Waislamu wa pwani tulikuwa na udhuru wetu juu ya shule za namna hiyo, na udhuru huo ulikuwa na sababu: mzazi aliogopa kumtoa mtoto katika dini yake ili apate herufi. Lakini kuogopa mafundisho ya dini nyingine ni jambo moja, na kuidharau kalamu ni jambo jingine. Kumbuka mateka wa vita vya Badri, mwaka 624. Imesimuliwa kwamba wale ambao hawakuwa na mali ya kujikomboa, lakini walijua kuandika, fidia yao ilikuwa ni kuwafundisha watoto wa Madina kusoma na kuandika. Walimu wale hawakuwa Waislamu. Jana yake tu walikuwa wameshika panga kuwapiga Waislamu. Hata hivyo kalamu yao ilipokewa, na kazi ya kufundisha ikahesabiwa kuwa na thamani sawa na uhuru wa mtu. Ni mshahara gani uliopata kupita huo?

Kizuizi kile kiliondoka baadaye. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitia shule zilizokuwa zikisaidiwa na serikali, za misheni na za wengineo, mikononi mwa serikali, na toka hapo mtoto wa dini yoyote aliingia, na mwalimu wa dini yoyote alipelekwa. Ndipo ikawezekana Mwislamu wa Pangani kusimama mbele ya darasa katika kijiji cha Ufipa ambacho karibu wote ni Wakatoliki, akaitwa na wote kwa jina moja: Mwalimu.

MIAKA YA ELIMU KWA WOTE

Ili uone ukubwa wa kazi, shika hesabu hizi. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, wanafunzi wote wa shule za msingi Tanganyika walikuwa kiasi cha 486,000. Mwaka 1973 ada ya shule ya msingi ilifutwa. Mwezi wa Novemba 1974, huko Musoma, chama cha TANU kiliazimia kwamba kila mtoto wa umri wa shule awe ameingia shule kufikia mwaka 1977. Na ilipofika mwaka 1980 wanafunzi walikuwa wamepita milioni 3.

Jiulize: walimu walitoka wapi? Vyuo havikutosha. Ikabidi wachukuliwe vijana waliomaliza darasa la saba, zaidi ya 40,000 nchi nzima, wafundishe huku wanafundishwa. Walisimama darasani sehemu ya siku, na muda uliobaki walisoma masomo ya posta, wakasikiliza vipindi vya redio, na wakakutana na wakufunzi wao, kwa muda wa miaka mitatu mpaka wakapata cheti. Wananchi walifyatua matofali na kuezeka madarasa. Mahali pengine darasa lilikuwa chini ya mti, na kitabu kimoja kilishirikiwa na watoto watano.

Watu waliwacheka walimu hao. Herufi za UPE, zilizokuwa jina la mpango wenyewe, wakazifasiri kwa kejeli kuwa ni "Ualimu Pasipo Elimu". Kejeli hiyo ilirudi miaka ya 2000, shule za sekondari za kata zilipoongezeka kwa haraka na vijana wa kidato cha sita wakapewa mafunzo ya muda mfupi wakaingizwa madarasani. Hao wakaitwa "Vodafasta". Ni kweli, ndugu msomaji, mafunzo mafupi yana upungufu wake, na watoto wengi walimaliza shule wakiwa na mapengo. Sitalipamba hilo. Lakini mcheshi aliyekuwa akicheka barazani alikuwa amemfundisha nani? Kijana wa miaka 18 aliyekuwa na elimu kidogo na akaigawa, ni bora kuliko msomi aliyekuwa na nyingi akaifungia sandukuni.

Wala hawakuwafundisha watoto peke yao. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya karibu watu milioni 2 katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kusafisha visima. Kwa hesabu za serikali, mwaka 1967 watu wazima wawili katika kila watatu hawakujua kusoma. Mwaka 1986 alibaki kiasi cha mmoja katika kila kumi. Nchi chache maskini zimepata kufanya hivyo, na waliofanya ni walimu, kwa chaki na taa ya kandili.

FURAHA YENYEWE NI IPI?

Sasa mfikirie mwalimu wetu wa pwani, aliyeshuka Tunduma kutoka katika treni ya TAZARA, iliyofunguliwa mwaka 1976, akapanda lori mpaka Ufipa na sanduku lake la bati. Nyumba ya mwalimu haijakwisha kuezekwa. Samaki wa bahari hayupo, nazi haipo. Mwezi wa Ramadhani huenda amefunga peke yake kijiji kizima, na futari yake ni viazi na uji wa ulezi alioletewa na jirani asiyefunga, ambaye hata hivyo amejua saa ya kuuleta.

Wiki za mwanzo huja bikizee mmoja na barua. Mwanawe yuko mbali kazini, na hapana nyumbani wa kumsomea. Mwalimu husoma, bibi husikiliza, mara hucheka, mara hufuta machozi. Siri zote za nyumba ile sasa ziko kwa mgeni. Mwezi wa pili huja tena, na wa tatu. Kisha miezi hupita bibi haji. Mwalimu huingiwa na wasiwasi, labda amefariki, labda amemuudhi. Siku moja hupita mlangoni pake, akamkuta ameketi juani, na mjukuu wake wa darasa la tatu amesimama mbele yake na karatasi mkononi, anasoma, anakwama, anarudia, anaendelea.

Hiyo, ndugu msomaji, ndiyo furaha ya mwalimu. Mwenye duka hufurahi mteja anaporudi. Fundi hufurahi anapoitwa tena. Mwalimu peke yake ndiye anayefurahi siku ile asipohitajiwa, kwani kutohitajiwa kwake ndio ushahidi kwamba kazi imetimia.

Au mfikirie mkulima siku ya kuuza mahindi. Zamani alisimama mbele ya mizani kama kipofu: akiambiwa ni kilo 70, ni 70, akipewa karatasi, aliweka dole gumba. Baada ya kisomo cha jioni, yeye mwenyewe huinama akaitazama sindano ya mizani, akapiga hesabu, akasema: Hapana bwana, hii ni 85. Kisha akatia sahihi yake. Qur'ani Tukufu ina sura nzima inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Basi mwalimu aliyemwezesha maskini kusoma mizani ameziba mlango wa dhuluma, wala hakushika fimbo.

Malipo mengine huchelewa. Mwalimu hupanda asichokivuna kwa macho yake. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912, alifundisha watoto wadogo katika shule za serikali kabla hajawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1968 na kabla ya tafsiri yake ya Qur'ani kwa Kiswahili kutoka kamili mwaka 1969. Walimu waliomshika mkono wake akiandika alifu ya kwanza ni wangapi wetu tunaoyajua majina yao? Lakini kila anayefaidika na tafsiri ile, wao wana fungu. Na Julius Nyerere alifundisha Tabora na Pugu, akaacha kazi hiyo mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Alipata urais, lakini mpaka anafariki mwaka 1999 watu hawakuona jina la heshima kupita lile la kazi yake ya kwanza.

Na Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika, isipokuwa mambo matatu, na mojawapo ni elimu aliyoiacha ikawanufaisha watu. Mshahara hukoma siku ya kustaafu. Huu haukomi.

DENI LIMERUDI NYUMBANI

Nimalizie kwa jambo la kuzingatia. Pwani ilitoa Kiswahili kikapanda mpaka Ufipa. Walimu wakakichukua wakakifanya lugha ya darasa, na watoto wa Kifipa wakasoma, wakaingia Kantalamba na sekondari nyingine, wakaingia Chuo cha Ualimu Sumbawanga, wakawa walimu. Ada ya shule ya msingi, iliyokuwa imerudishwa katika miaka ya 1980, ilifutwa tena mwaka 2001, na mwaka 2016 ikafutwa ya sekondari mpaka kidato cha nne. Madarasa yakafurika, walimu wakatakiwa kila pembe. Huenda leo anayemfundisha mjukuu wako hesabu hapo Lindi au Mafia ni kijana wa Namanyere au Matai, naye mama yake alilia siku alipopangiwa pwani, akaambiwa huko kuna joto, mbu na majini.

Je, ungependa mama yule amzuie? Ungependa kijana yule afike leo na kesho aombe uhamisho, darasa la mjukuu wako libaki na ubao mtupu? Hupendi. Basi mpendee mwenzako unachojipendea nafsi yako.

Kwa hiyo, nyumba iliyopata habari ya Sumbawanga nainasihi hivi. Mjomba aache kutafuta mtu ofisini. Shangazi auzuie ulimi wake. Mama anunue blanketi zito na sweta mbili, afunge tende na kahawa kidogo, na amtilie msahafu wake. Baba amwambie mtoto maneno mafupi: nenda ukafundishe, waheshimu wenyeji kama ungependa waheshimiwe wageni kwetu, na usirudi mpaka wawepo wanaoweza kusoma kwa sababu ulikwenda.

Kisha mumwombee dua na mumwage kwa uso mkunjufu.

Wabillahi tawfiq.